Tumepumzika, Msibishe Hodi

Methuselah Odeke,
Mkalimani wa Korti,
Nyuma ya duka la Hadijah,
Malaba.

Septemba 1975

Ndugu Mhariri,

KUH: KUFARIKI KWANGU KUTOKANA NA USHAURI WA GAZETI LENU

Baada ya salamu, natumaini u mzima pamoja na wenzako wote mnaopiga chapa. Mimi pia ni mzima. Nakuomba ulishike neno hilo kwa mikono miwili, kwa sababu ndilo linalobishaniwa huku.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi. Gazeti lenu nalisoma lote, hata matangazo ya dawa ya kupe, na nikimaliza Hadijah mwenye duka hulikata vipande akafungia watu chumvi. Kwa hiyo maneno yenu yanafika mbali kuliko mnavyofikiri.

Kazi yangu ni ukalimani kortini. Shahidi akisema Kiteso, mimi humgeuzia hakimu, na hakimu akisema humgeuzia shahidi. Ni kazi yenye adabu zake. Mkalimani hasemi, "Huyu anasema ameiba mbuzi." Husema, "Nimeiba mbuzi," vile vile kama ilivyotoka kinywani mwa mwenyewe, bila kuongeza wala kupunguza. Katika miaka yangu ya kazi nimekiri wizi wa kila namna, nimempiga baba mkwe wangu kwa mchi, nimechoma nyumba ya jirani kwa wivu, na nimehukumiwa kifungo mara nyingi kisha nikaenda zangu kula chakula cha mchana. Likumbuke jambo hili, Mhariri, maana litakuja kuniua mbele.

Nyumba yangu iko karibu sana na daraja la mpakani. Mtu akipiga chafya ng'ambo, mimi huku nasema afya. Ndugu zangu wengi wako huko ng'ambo, upande wa Tororo, na siku hizi kwao sukari, chumvi na sabuni ni vitu vya kusimuliwa. Huku vyote viko kwa Hadijah, na Hadijah yuko mbele ya nyumba yangu. Basi ndugu akivuka kutafuta sabuni, atakunywa chai wapi? Kwa Methuselah. Daraja likifungwa jioni kabla hajarudi, atalala wapi? Kwa Methuselah, yeye na shemeji yake, na rafiki ya shemeji aliyekuja kubeba mzigo. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sijampa mtu jembe hata siku moja, kwa sababu shamba langu liko Chakol na wageni wangu huja na viatu vizuri. Niliwapa chai na ugali wa wimbi. Nikisema niliwapa, maana yake mke wangu Petronilla alipika na mimi nikatoa mazungumzo. Watoto wetu wameoa na kuolewa, wako Nakuru na Kitale, kwa hiyo kazi ya nyumba inatushukia sisi wawili kwa mpango huo huo.

Mwezi wa Juni Petronilla aliketi chini jikoni akashindwa kuinuka. Tulikwenda zahanati. Muuguzi alimpima, akamtazama mikono, akasema, "Mama, wewe huna ugonjwa. Umechoka tu. Enda pumzika." Nilimwomba aongeze hata sindano moja ili safari isiwe bure, akakataa.

Juma lile lile Mshauri wenu wa Familia akaandika kwa herufi kubwa: JE, UMEPUMZIKA MWAKA HUU? Akaeleza kwamba kila bwana na bibi wanapaswa kuacha shughuli zao, waende mahali penye maji na hewa safi, wakae wawili bila kazi na bila wageni, ili mwili na roho virudi mahali pake. Nilikata ukurasa ule kabla Hadijah hajaupata. Nikaomba livu kazini. Nikafuata kila neno. Matokeo ni haya yafuatayo, ambayo nayalalamikia kwa heshima na taadhima.

1. Mshauri aliandika kwamba safari ya mapumziko isitangazwe, kwa sababu "wengine hupenda kuungana nawe." Hapo alisema kweli. Nikitangaza safari kwetu, shemeji watatu huwa tayari wameoga. Kwa hiyo hatukumwambia mtu, si Hadijah, si hata Egwang seremala ambaye ukuta wake na wangu ni ukuta mmoja. Tuliondoka alfajiri, Petronilla na godoro kichwani, limezungushiwa shuka nyeupe, maana Roselida, mjane aliyetukodisha chumba kule Sio Port, alituma neno kwamba kitanda kipo lakini godoro tuje nalo.

Hata hivyo mimi si mtu wa kufunga mlango bila neno. Nilichukua chaki. Nilikusudia kuandika: Bwana na Bibi Odeke tumekwenda Sio Port kupumzika, tutarudi mwisho wa mwezi, tafadhali msibishe hodi. Lakini mlango wangu ni mwembamba. Mbao za mlango mpana nilikuwa nimekwisha kuzinunua, zimelazwa nyuma ya nyumba zikingoja Egwang apate nafasi. Chaki nayo ilikuwa kipande, na Petronilla alikuwa amekwisha kufika barabarani. Ndipo mimi, ambaye sijawahi kupunguza neno la mtu, nikapunguza langu mwenyewe. Niliandika: TUMEPUMZIKA. MSIBISHE HODI.

Kitenzi hicho nilikitoa kwenu. Ninyi mliuliza umepumzika, mimi nikajibu tumepumzika. Ni Kiswahili kisicho na kosa, na ndiyo maana kiliniua.

2. Mshauri aliahidi hewa safi. Hewa ya Sio Port ipo na ni nyingi, lakini ndani yake kuna omena, wale dagaa wa ziwani. Wanaanikwa ufuoni kote, juu ya nyavu kuukuu, juu ya mawe, na mbele ya mlango wetu. Nilimwekea Petronilla kiti kikitazama ziwa kama gazeti lilivyoagiza. Akakaa. Akakaa vizuri kabisa, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Kisha wingu la mvua likatokea upande wa Uganda, na wanawake wote wa ufuoni wakakimbia kuzoa omena wasilowe. Nakuuliza, Mhariri, mwanamke aliyelelewa na mama yake atakaa kwenye kiti akitazama? Petronilla alikuwa wa kwanza kufika.

Tangu hapo kila siku alikuwa nao. Wao husema Kisamia, yeye ni Mteso, na Kiswahili chao wote kingetoshea kwenye kibweta cha kiberiti. Nilijitolea kuwakalimania. Hawakunihitaji. Walikuwa wakicheka tu. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu harusi yetu, na mimi nilisimama pale na ujuzi wangu wote sijui kilichochekwa ni nini. Hili nalilalamikia.

3. Iliandikwa pia kwamba mtu anayepumzika atembee "bila haja yoyote, akifurahia mandhari." Nilivaa kofia yangu ya kazini, nikashika fimbo, nikatembea polepole nikiangalia huku na huku. Sijui huko mjini kwenu, lakini huku mtu mzima akitembea polepole na fimbo, akiangalia huku na huku, amepoteza ng'ombe. Mzee mmoja alinipa pole. Mwingine akauliza ni wa rangi gani. Nilimweleza kwamba sina haja yoyote. Akanishika bega, akaelewa kwamba nimekata tamaa.

Kijiji kizima kiliingia vichakani. Nilijaribu kuwazuia, na kadiri nilivyowazuia ndivyo walivyonihurumia, wakisema mzee huyu ana moyo, hataki kusumbua watu. Jua likikaribia kushuka walirudi na ng'ombe mweusi mwenye doa, amechoka, naye haelewi ametenda nini. Roselida akasema, "Baba, angalia yeye mzuri. Si huyu?" Nilimtazama ng'ombe yule mbele na nyuma kama adabu inavyotaka, kisha nikasema kwa huzuni kwamba si yeye. Walisikitika hata nikaona haya. Siku zilizobaki nilipumzikia ndani, wakiniletea uji kama mtu aliyefilisika.

4. Sasa nafika kwenye kifo. Haya niliyasimuliwa baadaye na Egwang, ambaye alihusika sana na hakuficha kitu.

Ndugu wa kwanza kuvuka daraja siku ile tulipoondoka alikuta mlango umefungwa mchana. Mlango wangu haujawahi kufungwa mchana, Mhariri. Mvua ikinyesha uko wazi. Tukiwa kanisani uko wazi, na mgeni hujipakulia. Jambo hilo peke yake liliwatia watu hofu. Wakamwita Egwang awasomee chaki. Egwang akasoma, akavua kofia, akasoma tena.

Watu wa kwetu husema fulani ameaga, fulani ametutoka, fulani amepumzika. Hakuna mtu mpakani mwa Kenya aliyewahi kupumzika kwa maana nyingine. Mimi mwenyewe nimelitumia neno hilo kortini mara nyingi, na hakimu huandika marehemu.

Alikuwepo mmoja mwenye akili aliyeuliza, kama wamekufa, nani ameandika tumepumzika? Hapo ndipo kazi yangu iliponisaliti. Egwang alimjibu hivi, na watu wote wakaridhika: "Huyu mzee kazi yake ni kusemea watu. Kule korti yeye anasema mimi niliiba, na si yeye aliiba. Hata hapa ni hiyo hiyo. Alisemea marehemu. Bahati mbaya marehemu ni yeye."

Hadijah alifunga duka kwa heshima, akasema sisi sote ni wa Mungu na kwake tutarejea. Ndugu wa ng'ambo walilia mlangoni bila kubisha hodi, kama ilivyoandikwa, wakarudi kabla daraja halijafungwa ili wajiandae kwa maziko, maana maiti zilisemekana ziko njiani kutoka hospitali. Habari zikavuka pamoja nao. Huku kwetu habari ni kama sukari, huenda magharibi tu. Watoto wangu walioko mashariki hawakusikia kitu, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Majirani waliobaki hawakukaa bure. Fahali wangu aliletwa kutoka Chakol akaliwa. Wimbi langu likawa ajono, ile pombe yetu ya mirija, na waliokunywa walinisifu sana. Egwang naye alichukua zile mbao zangu za mlango akatengeneza jeneza. Kwa kuwa chaki ilisema tumepumzika, na si nimepumzika, alitengeneza la watu wawili. Nilipomuuliza kwa nini asifanye mawili alisema, "Mlikaa pamoja, mtaenda pamoja. Tena mbao ilikuwa kidogo." Kwa hiyo hata leo mlango wangu ni mwembamba.

5. Tulirudi juu ya lori la simenti kutoka Busia. Nilikuwa nimevaa miwani myeusi, kwa sababu Mshauri aliagiza macho yalindwe na jua, na mashavu yangu yalikuwa yamejaa kwa ule uji wa huruma. Petronilla alikuwa kando yangu, amejitanda leso hadi machoni kwa sababu ya vumbi la simenti. Mbele yetu, juu ya mifuko, lilikuwa limelala godoro katika shuka nyeupe.

Uwanja wangu ulipiga yowe. Nilidhani ni furaha ya kutuona. Wanaume wanne walipanda, wakaliteremsha godoro taratibu, wakilishika kichwani na miguuni, na nyimbo zikaanza. Mimi niliteremka peke yangu. Egwang alinikazia macho, akanishukuru kwa kuwaletea ndugu yao, akauliza bibi yake marehemu anakuja na lori gani, akaniambia nina sura ya Methuselah kidogo, ila Methuselah hakuwa na uso wa kupumzika.

Katika kazi yangu mimi husema tu yale ambayo mwingine amesema kwanza. Katekista akasimama kando ya godoro akaanza: "Ndugu zangu, mwili yake tutaipokea na heshima." Hilo halikuvumilika. Nikasema kutoka nyuma, "Mwili wake. Tutaupokea."

Kisha dada yangu mkubwa Alupo, aliyeolewa ng'ambo, ambaye peke yake alikuwa amebaki akingoja maiti, akainuka pale mlangoni alipokuwa akilia. Akanivua miwani. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akasema, "Huyu ni Methuselah. Mwingine hawezi sumbua watu hivyo kwa matanga." Akalia upya kuliko mwanzo. Nami nililia, Mhariri, sitakuficha.

6. Ungedhani watu wangekwenda nyumbani. Lakini vyungu vilikuwa motoni, na chakula cha matanga hakirudishwi ghalani. Walisema wamekuja kuomboleza, na kama hakuna wa kuomboleza basi watafurahi, na mtu afurahiye pia hula. Uwanja ulijaa kuliko siku yoyote ya uhai wangu.

Petronilla alivua viatu vyake vya safari, akavipanga ukutani, akajifunga leso kiunoni, akaingia jikoni. Akapika chakula cha matanga yake mwenyewe.

Lalamiko langu hapa halihusu upishi, uliokuwa mzuri. Linamhusu Alupo. Alimfuata jikoni, akasimama akimtazama, kisha akamnyang'anya mwiko. Wakaongea kwa sauti ya chini sana, kwa Kiteso, lugha ya mama yangu, ndani ya nyumba yangu, na mimi mwenye cheti cha lugha hiyo nilisimama nje nikiambulia mvuke. Nilipoingia walinyamaza wote wawili. Kesho yake Alupo alivuka kurudi kwake na sukari yake. Nilimwagiza kwa sauti kubwa: awaambie ndugu wote kwamba niko hai na mlango uko wazi. Alimtazama Petronilla, akanijibu, "Nimesikia."

7. Kazini nilikuta kiti changu amekalia Ochom, ambaye Kiswahili chake ni cha kupeleka ng'ombe sokoni. Siku ile ile mshtakiwa mmoja alieleza kwamba wakati kuku wa watu wakipotea yeye alikuwa amelala chini ya ghala akipumzika. Ochom akageuza: "Mimi nimepumzika." Karani alikuwa na habari zangu bado mbichi kichwani, akaandika marehemu. Kesi ikafutwa kwa kuwa mshtakiwa amefariki, na mshtakiwa akatoka nje akitushukuru wote. Nimesikia kwamba sasa mahabusu wanafundishana neno hilo. Msipolirudisha neno lenu mlikolitoa, wilaya yetu itabaki bila mhalifu aliye hai.

8. Lalamiko la mwisho ndilo linaloniuma. Tangu siku ile hakuna ndugu hata mmoja kutoka ng'ambo aliyekanyaga kwangu. Nakaa mlangoni, mlango uko wazi, na nawaona kwa mbali wakishuka darajani, wakifika karibu na kwa Hadijah, wakivua kofia kuelekea nyumba yangu, wakigeuka. Niliwapungia mkono. Mmoja alijifanyia ishara ya msalaba akakimbia. La ajabu ni kwamba biashara ya Hadijah haijapungua. Sukari inavuka kama kawaida, sijui inavushwa na nani.

Mtu asiye na wageni ni mtu gani, Mhariri? Baba yangu alizikwa na watu hata njia ikaziba. Mimi nimezikwa na watu hao hao na sasa hawataki hata kuniona. Mazungumzo yamenijaa kifuani.

Na mke wangu ameathirika vibaya. Nakutajia dalili zake ili Mshauri wenu aone alichofanya. Analala mchana. Lile jeneza tuliligeuza kuwa kiti cha barazani, kwa kuwa ni pana na mbao ni zangu, naye akisha kula hujinyoosha juu yake na kusinzia, mdomo wazi kidogo, hata kuku wakipita. Anaweka sukari vijiko viwili katika chai yake mwenyewe. Jikoni husikika akiimba, na wimbo wenyewe ni wa Kisamia. Mikono yake iliyokuwa na nyufa za majivu imelainika. Juzi aliniita nikae naye tuangalie jua likizama, bila haja yoyote. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Nadhani ni huzuni ya kukosa wageni, ila mwenyewe hajaielewa.

Kutokana na hayo yote naomba, kwa unyenyekevu, yafuatayo. Mchape ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa kama zile za mwanzo, kwamba METHUSELAH ODEKE WA MALABA YUKO HAI NA CHAI IKO TAYARI. Gazeti hilo lifike ng'ambo hata kwa kufungiwa chumvi. Mlifute neno kupumzika katika ukurasa wa Mshauri, na badala yake mseme kukaa bure, neno ambalo halijawahi kuua mtu. Mwisho, Mshauri wenu wa Familia aje mwenyewe akae kwangu mwezi mzima, pamoja na jamaa zake, ili nyumba ianze kuchangamka. Petronilla atampikia.

Nisalimie wapiga chapa wote, msoma prufu ambaye kazi yake naiheshimu, na wauza magazeti wa huko. Hadijah anasalimu na kusema karatasi za siku hizi ni nyembamba, chumvi inavuja. Egwang anasalimu pia, na kama ofisini kwenu kuna anayehitaji la wawili, anaweza.

Eyalama, ndivyo tunavyoshukuru kwetu.

Ni mimi, ambaye bado niko,

Methuselah Odeke

N.B. Barua hii nilikuwa nimekwisha kuifunga. Petronilla aliniomba nimsomee, maana herufi zangu zina mikia. Nilimsomea yote tukiwa kwenye kile kiti cha barazani. Nilipofika pale pa kusema Petronilla atampikia, alinishika mkono, si kwa nguvu.

Akaniambia waliyosema jikoni siku ile. Alupo alimuuliza lini mara ya mwisho alikula chakula akiwa ameketi, naye akafikiri, akashindwa kukumbuka. Alupo akasema basi. Alipovuka hakuwaambia ndugu kwamba niko hai. Aliwaambia maziko yalikuwa ya haraka, na kwamba katika nyumba ile hakuna tena mtu wa kupika. Sukari na sabuni anawachukulia yeye mwenyewe kwa Hadijah kila Jumamosi asubuhi mapema, nikiwa bado nimelala, kwa hiyo hakuna aliyepungukiwa kitu. Atawaambia kweli wakati wa Krismasi, na watakuja na vyakula vyao. Nilimuuliza Petronilla kwa nini hakuniambia mapema kwamba amechoka. Alisema aliniambia kwa miaka mingi, kwa Kiteso na kwa Kiswahili, lakini mimi nimezoea kwamba mtu akisema nimechoka mbele yangu, kazi yangu ni kumwambia mwingine.

Mhariri, maneno hayo nimeyageuza bila kuongeza wala kupunguza, na yananichoma.

Kwa hiyo tafadhali usiichape barua hii kabla ya Krismasi. Neno lenu liacheni lilivyo. Mshauri asije. Leo mchana nami nilijaribu kulala kidogo pale barazani kando yake, na ninakiri kwamba Egwang alipima vizuri, tunaenea. Na ikiwa mtu yeyote kutoka ng'ambo atafika ofisini kwenu kutuulizia, mjibuni kwa Kiswahili sanifu. Mwambieni tumepumzika.